Kolwezi: kobalti iko na bei kwenye ubao, hospitali inasema bei yake kisha

Musompo, kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Likasi, mbele ya depo za wanunuzi wa madini kuna mbao zenye kuandikwa kwa mukono. Kobalti ya tenere fulani, bei fulani. Shaba ya tenere fulani, bei fulani. Muchimbaji anashusha mifuko yake, anasoma ubao wa kwanza, anasogea kwa wa pili, anauliza kwa wa tatu. Kisha anaomba mawe yake yapimwe na Metorex, ile mashini ndogo ya mukono yenye inaonyesha tenere. Anajua kama Metorex inaweza kudanganya, na mizani pia. Kwa hiyo anabishana, na kama hasikilizani na mununuzi anapakia mifuko yake upya na kwenda kwa mwingine. Mara nyingi anaibiwa tu, na wachimbaji wa Lualaba wanalalamika juu ya jambo hilo tangu miaka mingi. Lakini angalau bei ameisoma mbele ya kuuza.

Bibi ya mutu huyohuyo akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, na mutoto amekaa vibaya, mambo ni mengine. Kituo cha afya cha karibu hakina uwezo wa kupasua, kinaandika barua ya kumutuma kwenye hospitali ya muji. Huko hakuna ubao. Kuna dirisha la kulipia, karani, na swali moja: garanti iko wapi? Garanti ni feza ya kwanza, yenye inatolewa mbele ya munganga kuanza kazi. Saa hiyo hakuna mutu anauliza bei ya jumla, na hata angeuliza, angeambiwa kama itategemea. Siku tano ao sita kisha, mama amepona, mutoto ananyonya muzuri, na ndipo karatasi inaletwa.

Karatasi hiyo, fakture, kuisoma ni kazi. Fishi, konsultasyo, labo, ekografi, chumba cha kupasulia, dawa ya usingizi, glavu, serumu, mifuko ya damu, kitanda kwa kila usiku, kufunga kidonda, dawa za kuendelea nazo nyumbani. Mara ingine mistari miwili ni kazi moja yenye majina mawili. Mara ingine kuna dawa zenye familia ilinunua yenyewe kwenye farmasi ya inje, kwa sababu za hospitali zilikuwa zimekwisha, na bado zinahesabiwa. Kwa chini kuna jumla, mara nyingi kwa dola. Hapo mabishano yanaanza, wakati kazi imekwisha kufanyika na mugonjwa angali ndani.

Muchimbaji wa Musompo anabishana angali na mawe yake mikononi. Mugonjwa anabishana wakati yeye mwenyewe ndiye rehani. Karani anajua hilo, familia inajua hilo, na bei yote yenye watasikilizana inatoka hapo.

Matope yenye yalipatiwa bei Paris

Kingamyambo, pembeni ya Kolwezi, ni jina lenye linajulikana mbali juu ya mabishano ya bei. Ni hapo Union Minière, na kisha Gécamines, walikuwa wanamwaga matope yenye yalibaki kisha kusafisha mawe ya Kolwezi, kuanzia miaka ya 1950. Matope hayo, pamoja na yale ya muto Musonoi, yalikuja kuonekana kuwa mali kubwa: zaidi ya tani milioni 100 zenye shaba na kobalti ndani yake. Mwaka 2009 serkali ilinyanganya kampuni First Quantum ya Kanada mupango huo. Kampuni ilipeleka mashtaka kwenye baraza la usuluhishi wa biashara la Paris, na mwezi wa 1 mwaka 2012 kampuni ENRC, yenye ilikuwa imeingia kwa nafasi yake, ilikubali kulipa dola miliari 1,25 ili kumaliza mabishano hayo, pamoja na yale ya migodi ya Frontier na Lonshi. Leo ni Metalkol inaosha matope hayo upya.

Kwa kupatana bei ya matope kulikuwa mawakili, wataalamu wa hesabu, na zaidi ya miaka miwili ya kuzungumuza. Kwa kupatana fakture ya maternite, familia ya upande wa Kingamyambo iko na shemeji mumoja mwenye anajua Kifaransa kidogo, na ana mpaka saa kumi ya mangaribi, kwa sababu kisha saa kumi ofisi inafungwa na usiku mwingine wa kitanda unaongezwa.

Zone moja, hospitali moja

Watu wengi wanasema hospitali zinapandisha bei juu ya tamaa. Tamaa iko, kama kwa kazi ingine yoyote. Lakini kuna sababu yenye inatoka kwa mupango wenyewe. Matunzo ya afya ya Kongo yamepangwa kwa ngazi. Chini kuna vituo vya afya, kwa malaria, chanjo, uzazi wa kawaida. Juu yake, kwa kila zone ya afya, kuna hospitali moja kubwa ya rufaa, yenye inapasua, inatia damu, inapokea wagonjwa wenye kutumwa na vituo. Inchi iko na zone za afya zaidi ya 500. Muji wa Kolwezi uko na mbili, Dilala na Manika, sawa vile komine zake mbili, na kati ya hospitali za serkali za muji Mwangeji ndilo jina lenye kila mutu anajua.

Mupango huo hauna ubaya. Ulifanywa ili mugonjwa ajue njia yake, na ili wanganga wachache wenye wako wasitawanyike. Lakini kwa kazi kubwa unaacha muuzaji mumoja, na mununuzi mwenye kufika saa nane ya usiku kwenye pikipiki.

Kuna pia kliniki za watu binafsi, nyingi, na zimeongezeka tangu migodi ifufuke. Mutu angewaza kama bei ingeshuka. Kwa mambo madogo inashuka kweli. Farmasi ziko mulango kwa mulango, dawa ya homa inauzwa kidonge kimoja kimoja, na bei yake inapatanwa sawa ya nyanya za soko. Lakini hakuna mutu anazunguka kliniki tatu na mutoto mwenye hana damu tena mwilini ili kulinganisha bei ya kumutia damu. Kwa kuvunjika muguu ndani ya shimo, kwa kupasuliwa wakati wa kuzaa, mutu analipa mahali amefikishwa.

Kenneth Arrow, profesa wa uchumi wa Marekani mwenye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1972, aliandika jambo hilo mwaka 1963 katika makala yenye wanafunzi wa uchumi wa afya wangali wanaisoma: mwenye kununua matunzo hajui siku atagonjwa, hawezi kujaribu mali mbele ya kuilipia, na hata kisha kupona hajui kama alihitaji yote yenye alilipia. Analazimika kumutumaini yule mwenye kumuuzia. Munganga ndiye anasema mugonjwa anahitaji nini, na nyumba ya munganga ndiyo inakiuza. Ni kama vile mununuzi wa Musompo angekuwa pia na amri ya kuamua muchimbaji atauza mifuko mingapi. Marekani kwenyewe, inchi ya soko huru, ilibidi serkali ilazimishe hospitali kuonyesha bei zao kwa intaneti kuanzia tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2021, na bado wagonjwa wa huko wanapiga simu kuomba wapunguziwe fakture.

Mufuko wa mugodi

Kolwezi iko na jambo lingine lenye linavuta bei juu. Code ya kazi ya mwaka 2002 inalazimisha mwajiri kumutunza mufanyakazi na familia yake wakigonjwa. Kampuni kubwa zinakuwa na nyumba zao za matunzo, ao zinafanya mapatano na kliniki: zinatuma wagonjwa, na mwisho wa mwezi kliniki inatuma fakture. Hayo ni mapatano ya kweli, yenye kufanywa mbele ya ugonjwa, kati ya watu wawili wenye wanaweza kusema hapana. Lakini kliniki yenye kuishi na mapatano ya migodi inazoea kuhesabu kwa mufuko wa mugodi, tena kwa dola. Hospitali nyingi za Kongo ziko na bei ya mwenye kampuni, bei ya mwenye kulipa mwenyewe, na bei ya mukosefu. Kwa karatasi, mwenye kulipa mwenyewe anapunguziwa. Mama mwenye kuuza mikate Manika anajikuta tu mbele ya bei zenye zilipangwa kwa kuangalia mushahara wa mutu mwingine.

Na kufanya kazi kwa mugodi si kinga ya kila kitu. Mwezi wa 11 mwaka 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi yalitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti, Metalkol ikiwa kati yao. Walihesabu kama wafanyakazi 57 kwa 100 wa migodi hiyo waliajiriwa na kampuni za sutretansi, na kati ya malalamiko ya watu hao kulikuwa matunzo ya afya yenye hayatoshi. Mutu anavaa kofia ya mugodi asubui, na bibi yake analipa garanti usiku.

Wazee wa Kolwezi wanakumbuka wakati mwingine. Gécamines ilikuwa inalipa mushahara, inagawa unga, inasomesha watoto, na inatunza wagonjwa wa familia nzima kwenye hospitali zake. Fakture haikuwa neno la nyumbani. Lakini kampuni yenye ilitoa tani karibu 476 000 za shaba mwaka 1986 haikufikisha hata tani 40 000 mwaka 1994, na hospitali zilishuka pamoja nayo. Kati ya mwaka 2003 na 2004 watumishi 10 655 walikubali kuondoka kwa hiari, katika operesyo yenye Benki ya Dunia ilisaidia kulipia. Walipokea feza ya kuondokea. Matunzo ya familia yalibaki nyuma, na walio wengi waliyapima bei kwa mara ya kwanza mbele ya dirisha la kulipia, wakiwa na zaidi ya miaka 50.

Deni na mulango

Mwaka 2018, waandishi wa shirika la habari Associated Press walizunguka hospitali na kliniki zaidi ya 20 za Lubumbashi. Moja tu ndiyo haikuwa na desturi ya kuzuia wagonjwa wenye wameshindwa kulipa. Mwaka mumoja mbele ya hapo, Chatham House, nyumba ya utafiti ya London, ilikuwa imetoa ripoti juu ya desturi hiyo katika inchi nyingi, Kongo ikiwa ndani.

Kuzuia si lazima kufunga kwa kufuli. Ni mulinzi kwenye kizingiti mwenye anaomba karatasi ya kutokea. Ni kulala kwenye mukeka ndani ya koridore kwa sababu kitanda kimepatiwa mutu mwingine. Ni mama mwenye alijifungua wiki mbili zenye zimepita na anaosha nguo za mutoto kwenye robine ya inje, ndani ya lupango lwa hospitali. Ni maiti yenye inabaki wakati matanga imekwisha kutandikwa nyumbani, na ndugu wanakata hesabu ya sanduku ili kulipa hesabu ya serumu. Na kuna mahali usiku wa kuzuiwa nao unaingizwa kwenye fakture, yaani mutu analipishwa kitanda cha kumufunga.

Sheria haina mashaka juu ya jambo hili. Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia, yenye Zaire iliingia ndani mwaka 1976, yanakataza kwa kifungu cha 11 kufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Code ya makosa, kifungu cha 67, inaazibu mwenye kuzuia mutu bila haki. Deni la hospitali ni deni kama lingine: linadaiwa kwa barua, kwa mashahidi, na ikilazimika mbele ya hakimu. Hakuna karani mwenye alipewa na sheria uwezo wa kufunga.

Kenya walifika mpaka kwa hakimu. Wanamuke wawili wenye walizuiwa kwenye hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, walipeleka serkali na hospitali mahakamani, na mwezi wa 9 mwaka 2015 jaji Mumbi Ngugi alihukumu kama kuwazuia kulivunja haki zao, akaamuru walipwe. Tangu walipozuiwa mwaka 2010 ilikuwa imepita miaka mitano. Burundi walishika njia ingine: mwezi wa 5 mwaka 2006 rais Pierre Nkurunziza alitangaza kama kuzaa na matunzo ya watoto chini ya miaka mitano ni bure, na hata hivyo mwezi wa 9 wa mwaka huohuo Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wagonjwa wengine wengi wenye walikuwa wangali wanazuiwa katika hospitali za inchi hiyo.

Namna watu wanapatana

Kwa kukosa hakimu, watu wa Kolwezi wako na utaratibu wao. Mugonjwa mwenyewe hasemi. Anatumwa mukubwa wa familia, ao mutu wa kanisa, ao mutu wa jimbo moja na mukubwa wa hospitali, mwenye anaweza kuanza mazungumuzo kwa kumuita ndugu. Karani hana nguvu ya kupunguza. Ni lazima kupanda mpaka kwa mwenye kuongoza feza ya hospitali, ao kwa ofisi ya musaada wa jamii, kama iko. Wanaanza kwa kuonyesha yenye yako: likelemba ya mwezi huu, feza ya kuuza simu, ahadi ya mujomba wa Lubumbashi. Wanaomba kulipa kwa vipande. Wanaacha karata ya uchaguzi, telefone, karatasi ya pikipiki, hata ya kiwanja. Mara nyingi wanapunguziwa kitu, na familia inatoka ikishukuru.

Ni hapo jambo linaumiza. Kama fakture inaweza kushuka kwa robo kwa sababu mutu wa kanisa ameingia ofisini, basi robo ile ilikuwa nini? Mwenye hana mutu wa kanisa aliilipa yote. Wenye kujua kubishana wanapunguziwa, na wenye haya, wenye kutoka mbali, wenye hawajui Kifaransa wanalipa nafasi yao. Huruma ya namna hiyo ni kama matabishi ya soko: muuzaji anaongeza kikombe kimoja, lakini kopo lake la kupimia lilikuwa limebonyea tangu mwanzo.

Hospitali nayo iko na hesabu zake, na ingekuwa uongo kuziacha. Wauguzi wengi wa hospitali za serkali hawako kwenye liste ya mushahara ya Kinshasa, wanakula feza yenye wagonjwa wanalipa. Umeme ukikatika, na Kolwezi unakatika ingawa ni muji wa mabwawa na migodi, mazutu ya generatere inanunuliwa kwa feza hiyohiyo. Glavu, nyuzi za kushonea, oksijeni: hivyohivyo. Tangu serkali iliacha karibu kabisa kulipia hospitali, katika miaka ya 1980 na 1990, mugonjwa ndiye bajeti. Mwenye kuongoza hospitali akimuachilia kila mukosefu, mwisho wa mwezi anabaki na wauguzi wenye hasira na labo yenye haina dawa za kupimia. Ndiyo maana kumulaumu karani peke yake hakusaidii. Karani amewekwa kwenye mulango ili kukusanya kodi yenye hakuna mutu mwingine anaikusanya.

Bei mbele ya ugonjwa

Kongo yenyewe imekwisha kuonyesha kama bei inaweza kujulikana mbele. Bwamanda, kule Ekwatere, hospitali ilianzisha bima yake mwaka 1986. Familia ililipa muchango mara moja kwa mwaka, wakati feza ya mavuno ilikuwa nyumbani, na mwanamemba akilazwa alilipa sehemu ya tano tu ya fakture. Haikuwa musaada wa bure. Ilikuwa kubishana wakati mutu angali muzima. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 juu ya mituele inafungua mulango huo kwa inchi nzima. Lakini mituele inahitaji watu wenye kutoa muchango kila mwezi, na muchimbaji wa shimo leo ana feza, wiki ijayo hana.

Njia ya pili ni bei ya jumla: kiasi kimoja kwa ugonjwa mumoja, yote ndani, konsultasyo, labo, dawa na kitanda. Mipango mingi yenye kusaidiwa na wageni imefanya hivyo katika zone mbalimbali za inchi. Faida yake ni wazi, hospitali haina tena sababu ya kuongeza mistari. Shida yake pia ni wazi: siku musaidizi anaondoka, mistari inarudi.

Ya tatu ni ya serkali. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2023, rais Félix Tshisekedi alizindua Kinshasa mupango wa kuzaa bure na kumutunza mutoto muchanga bure, na mupango unapelekwa jimbo kwa jimbo. Mufuko wa serkali ndio unalipa hospitali, kwa bei zenye zimeandikwa ndani ya mapatano. Hii ndiyo mara ya kwanza tangu miaka mingi mununuzi mwenye nguvu anakaa upande wa mama. Lakini mununuzi huyo akichelewa kulipa, muuguzi bado atakula kwa mukono wa mugonjwa, na garanti itarudi na jina lingine. Kila mutu mwenye aliona namna mishahara ya serkali inachelewa anajua kuuliza swali hilo.

Kuna pia feza yenye iko hapa hapa. Code ya madini yenye kubadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni kutoa 0,3 kwa 100 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya watu wa karibu na mugodi, na asilimia 15 ya kodi ya uchimbaji inakwenda kwa komine na sekta zenyewe. Feza hiyo inajenga. Na watu wanapenda majengo, kwa sababu jengo linaonekana, linapakwa rangi, linakatiwa utepe. Lakini maternite mupya yenye bei ya zamani ni dirisha mupya la kulipia. Ndani ya kamati zenye kugawa feza ya 0,3 kuna wajumbe wa watu wa vijiji na makartiye. Wanaweza kuomba sehemu yake ilipie fakture za wakosefu, ao ianzishe mituele, sawa vile wanaomba vyumba vya shule. Ni mabishano magumu, kwa sababu fakture yenye imelipwa haina utepe wa kukata.

Na yenye haiombi feza hata kidogo ni kuonyesha bei. Sheria namba 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2018 inaacha bei kuwa huru na inalinda ushindani, lakini inamutaka muuzaji na mwenye kutoa huduma amujulishe munuzi bei. Hakuna sababu kwa nini mwenye kuuza saruji aonyeshe bei, na mwenye kuuza kupasuliwa asionyeshe. Kila eneo la afya liko na CODESA, kamati ya raia yenye iliwekwa ili watu washiriki kuongoza kituo chao. Mahali pengi inaitwa tu siku ya chanjo. Lakini ndiyo kamati yenye inaweza kuingia kwa mukubwa wa kituo, na kwa mukubwa wa zone, na kuomba ubao mumoja: kuzaa kwa kawaida, kupasuliwa, kutiwa damu, usiku mumoja wa kitanda, kwa franga, na tarehe.

Kwa sasa, familia yenye iko na mama wa mimba nyumbani inaweza kufanya mambo machache. Bei ya kuzaa na ya kupasuliwa inaulizwa mwezi wa saba wa mimba, kwenye hospitali zaidi ya moja, wakati mama angali anatembea. Chanjo, dawa za kifua kikuu na zile za kupunguza nguvu ya UKIMWI ni za bure, hazipaswi kuonekana kwenye fakture. Risiti ya kila dawa yenye kununuliwa inje inawekwa, na siku ya fakture kila mustari unasomwa na risiti ikiwa pembeni. Ofisi ya musaada wa jamii inatafutwa siku ya kuingia, si ya kutoka. Na mwenye hana feza yote anaomba karatasi ya deni yenye kusema kiasi, vipande na tarehe, yenye kutiwa sahihi na pande mbili, na anabaki na kopi yake. Mwenye karatasi hiyo mukononi ni mudaiwa, na mudaiwa anarudi nyumbani kwake.